Vitambaa vya Bi Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na jino la mama limeanza nayo. Yeye ndiye anayesema limeanza leo. Mimi nimemwona tangu wiki iliyopita anatafuna upande mmoja, na mkate anauchovya kwenye chai kwanza. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba kifo kina kazi nyingi, hakiwezi kuhangaika na gego moja la kizee.

Nimempigia simu daktari wa hospitali kuu anayemtibu kisukari. Anasema jino litatoka, lakini sukari ishuke kwanza. Ameze vidonge, apunguze utamu, baada ya wiki tano au sita tutaona. Kisha akaongeza neno moja ambalo limenikaa kichwani: litolewe mahali pasafi kwelikweli, maana kidonda cha mwenye kisukari hakisamehi. Kwao hospitalini zamu ya meno ni mwezi wa saba. Mama hawezi kungoja mpaka mwezi wa saba, kwa hiyo imebaki kliniki ya hapa mtaani, ile ya mlango wa kijani.

Watu wote wanaisifu. Mimi kazi yangu ni kupima maziwa kiwandani, na kitu kinachosifiwa na wote ndicho ninachoanza kukipima. Nina wiki tano. Mama ananiita Mkaguzi, na wala si kwa kunisifu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mama anasema jino limepona. Supu amekunywa kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, huku akitazama ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Jirani yetu kinyozi leo hakufungua. Nimemkuta mlangoni kwake, shavu limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Jumatatu alikwenda kwa daktari wa meno wa mlango wa kijani kung'olewa.

"Daktari hana tatizo," aliniambia kwa upande mmoja wa mdomo. "Mkono mwepesi. Siku mbili sikusikia kitu. Siku ya tatu ndiyo moto umewaka."

Nikamuuliza kama ni mara yake ya kwanza pale. Akasema hapana, mwaka jana wakati wa kiangazi aling'olewa jingine, na kesho yake alikuwa ananyoa watu huku anapiga mluzi.

Nimerudi nyumbani nikifikiri. Mdomo ni ule ule, daktari ni yule yule, kiti ni kile kile. Kilichobadilika ni nini? Kazini maziwa yakichachuka tunauliza swali hilo hilo, na huwa halikosi jibu, ila jibu lenyewe hupenda kujificha mahali ambapo kila mtu ameshapita.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Nimesema nataka kusafishwa meno, na si uongo, chai imeyapaka rangi.

Ukumbi wa kungojea ni chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Sakafu inang'aa kiasi kwamba niliona aibu na viatu vyangu. Mapokezi yupo mke wa daktari, mama mmoja mchangamfu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pasi. Nilielewa jina hilo kabla sijakaa. Kabati la nyuma yake limejaa vitambaa vyeupe, vimepigwa pasi na kukunjwa kona kwa kona, vimepangwa kama vitabu. Anavifua nyumbani mwenyewe. Hamwamini dobi.

"Karibu mdogo wangu. Usiogope, hapa hatung'oi mtu asiyetaka."

Nikampenda papo hapo. Mumewe ni kinyume chake. Mrefu, mkimya, uso umekunjamana. Alinawa mikono muda mrefu, akavaa glavu mpya mbele yangu, akawasha taa, akaniambia "fungua", na tangu hapo sikusikia tena sauti yake mpaka "tema". Akitaka kifaa hageuki. Ananyoosha tu mkono nyuma, na Bi Pasi anakiweka kiganjani kutoka kwenye sinia iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakosei. Nadhani wamefanya hivyo tangu ujana wao.

Usafi sikuuona una kasoro. Lakini mtu asiyesema kitu huwa ananitia wasiwasi. Nimeandika hapa: mke sawa, mume bado.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kinyozi amekunywa dawa, uvimbe unashuka. Anauliza kama ninachunguza kitu, maana mtaa wameshaanza kusema. Nikamwambia kuuliza si ujinga. Akasema sawa, ila kuulizauliza ni kazi ya mapolisi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi kwa ajili ya jino langu lililozibwa zamani. Kusema kweli halikuwa na shida kubwa.

Umeme ulikatika watu wakiwa wamejaa. Ulirudi baada ya muda mfupi, lakini daktari hakumwita mtu. Tulikaa. Mwanamke mmoja akanung'unika kwamba daktari amelala huko ndani. Mimi nami nilikuwa tayari nimeshamhukumu: mvua ikinyesha umeme unakatika, umeme ukikatika ile mashine ya mvuke inayochemsha vifaa inaishia njiani, naye anavitoa hivyo hivyo nusu bichi. Nikajiona nimelipata jibu.

Nilisimama nikachungulia. Daktari alikuwa amesimama mbele ya mashine, saa mkononi. Alikuwa ameirudisha mwanzo kabisa, kama vile haikuwahi kuwashwa. Umeme ulikatika tena, akairudisha mwanzo tena. Aliponiona hakukasirika. Alisema tu, "Bado," akageukia mashine yake.

Basi nilikuwa nimemsingizia mtu. Kule kukunja uso ni mtu anayehesabu kimoyomoyo. Narekebisha: mume sawa pia. Na swali langu limerudi pale pale lilipokuwa.

Jumanne, 25 Machi

Maji je? Nimemuuliza Bi Pasi. Yanachemshwa na kuchujwa, akanionyesha na chujio lenyewe. Si maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Bi Pasi amenialika chai kwao, nyumba iko nyuma ya kliniki. Jikoni hapakuwa na pa kupita. Kamba zimefungwa kutoka dirishani hadi juu ya jiko, na vitambaa vyeupe vinaning'inia vichwani mwetu. Tulikuwa tunavisogeza ili tuonane.

"Mvua hii ina ugomvi na mimi," alisema. "Kiangazi naanika asubuhi, saa sita nishaanua. Sasa hivi kila kitu kimelowa. Hata mashine ya kazini inatoa vitu vimelowa, umeme hauna nguvu."

Kisha akanisimulia jinsi yeye na mumewe walivyoanza na kiti kimoja cha mtumba, na jinsi alivyomfundisha mume wake kuvaa koti jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu mgonjwa huangalia koti kabla hajaangalia cheti. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nimepata rafiki, na sikuwa nimetoka nyumbani kutafuta rafiki.

Jumatano, 9 Aprili

Mwalimu wa mtaa wa pili naye amevimba. Aling'olewa Jumapili. Siku ya tatu, kama kinyozi.

Mama ameanza kulala ameegemea upande wa kulia tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi tumempima mama sukari. Imeshuka vizuri, daktari wa hospitali amesema sasa jino linaweza kutoka. Mama akaanza kutafuta viatu. Nikamwambia angoje kwanza. Nilikuwa nimebakiwa na jino moja la kisingizio, la mwisho kabisa nyuma, na nilitaka kulitumia.

Nimelitumia. Daktari alinyoosha mkono nyuma, Bi Pasi akaweka kile kioo kidogo chenye mpini, kikaingia mdomoni mwangu. Ndipo nilipokisikia. Si ladha hasa, ni harufu iliyopitia ulimini. Nguo iliyoanikwa ndani, ikakunjwa kabla haijakauka.

Pua yangu ndiyo inayonilisha. Kiwandani nikiingia chumba cha chupa najua kama kuna mtu ameacha kitambaa kibichi mahali. Kwetu chupa ikishatoka kwenye mvuke haifutwi, inaachwa ikauke yenyewe, na mfanyakazi anayeshika kitambaa karibu nayo anaitwa ofisini.

Nilipotoka nikamfuata Bi Pasi chumba cha nyuma, nikamuuliza kama mzaha, "Dada, vifaa vikitoka vimelowa mnafanyaje?"

Akanionyesha kwa furaha. Akatoa pakiti kwenye mashine, karatasi imeloa chepechepe. Akaipasua, akatoa koleo na vioo, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe, taratibu, mpaka vikang'aa. Akavipanga kwenye sinia na kuvifunika na kitambaa kingine.

"Mume wangu hajui hata kidogo," alisema. "Nisipofuta, vinashika kutu. Yeye ananyoosha mkono tu na kukuta kila kitu kikavu."

Nilishika kitambaa. Kilikuwa baridi. Kilikuwa na unyevu ule mdogo ambao mkono hauna hakika nao. Kiangazi mashine ilikuwa inakausha yenyewe, na kitambaa hakikuwa na kazi kwenye vifaa. Mvua ndiyo iliyokipa kazi.

Nikasema asante. Nikaaga. Sikusema kitu kingine, na nimekasirika na nafsi yangu jioni nzima.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia mama angoje kidogo. Akauliza nangoja nini, nikasema kazi nyingi. Nitamweleza vipi mtu kwamba kile anachojivunia zaidi ndicho kinachoumiza watu? Nilitaka kumwendea jikoni kwake leo, tukiwa wawili. Nilifika mpaka kona ya kliniki, nikanunua mkate ambao hatukuuhitaji, nikarudi.

Mama alinitazama akasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sijui unamchelea nani, lakini unakaribia kulia."

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika yote.

Nilikuwa maabara kinyozi aliponipigia simu. "Mama yako nimemwona anaingia mlango wa kijani. Peke yake na mwavuli. Nilidhani unajua."

Niliondoka na koti la kazi mwilini. Mvua ilikuwa kubwa, barabara imegeuka mfereji. Nilipofika ukumbi ulikuwa umejaa, na mkoba wa mama uko juu ya kiti, yeye hayupo. Nikasukuma mlango wa ndani bila kubisha.

Mama alikuwa amelazwa kwenye kiti, mdomo wazi, taa usoni. Daktari ameshika sindano ya ganzi, bado hajachoma. Nyuma yake Bi Pasi na sinia, imefunikwa vizuri.

"Daktari, naomba usimguse."

Mama alifumba mdomo. "Huyo ndiye binti yangu," alimwambia daktari. "Nilitaka kumaliza kabla hajafika."

Daktari aliniangalia, kwa mara ya kwanza nadhani, macho kwa macho. "Kuna nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yalitoroka. Nikasema, "Vile vifaa vimefutwa. Vikitoka kwenye mvuke vimelowa, vinafutwa kwa vitambaa, na vitambaa havijakauka. Kinyozi, na mwalimu. Ni tangu mvua ianze."

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi, na ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Hilo nalo nililiona kwa kuchelewa.

Bi Pasi aliweka sinia chini. "Kwa hiyo mimi ni mchafu," alisema, si kwa sauti kubwa.

"Dada, hapana. Hakuna anayefua kama wewe. Ila kitambaa chochote..."

"Umekunywa chai kwangu, mdogo wangu. Umekaa jikoni kwangu. Ungeniambia kule."

Alikuwa na haki.

Daktari alichukua kitambaa kilichofunika sinia. Akashusha barakoa, akakinusa. Akakibandika shavuni mwake akakiacha hapo kitambo. Kisha akamgeukia mkewe. Aligeuka mwili mzima, na mimi ambaye nimekaa kwenye kiti kile mara tatu sikuwahi kumwona akimgeukia.

"Mashine haikaushi?"

"Tangu mvua ianze."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia," alisema Bi Pasi, na sasa machozi yalikuwa yanashuka. "Huulizi kitu wewe. Unanyoosha mkono tu. Miaka yote unanyoosha mkono, nami nakuwekea. Ningekuwekea chuma kinachodondosha maji?"

Daktari alivua glavu. Nilidhani atanifukuza, au atamkaripia mkewe. Alitoka mpaka ukumbini, akasimama mbele ya watu, na nikasikia maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia nayo.

"Leo tunafunga. Chombo kikishapita kwenye mvuke, kinachokigusa kinakirudishia vijidudu. Vyangu viliguswa, na sikujua kwa sababu sikutazama. Leseni ni yangu, kosa ni langu, si la mke wangu. Aliyetibiwa hapa tangu mvua ianze nitamtafuta mwenyewe. Mwenye uvimbe asiende mbali, aje kwangu, halipi kitu."

Kisha akarudi akainama kwa mama. "Mama, unisamehe. Nilikaribia kukutoa jino kwa kifaa kisichofaa."

"Nimekusikia, baba," alisema mama. "Sasa niambie, nishuke au niendelee kulala? Maana kiti chenu ni kizuri kuliko kitanda changu."

Hakuna aliyecheka. Tulirudi chini ya mwavuli mmoja. Nyumbani mama alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akajicheka peke yake, akashika shavu.

Jumanne, 15 Aprili

Mlango wa kijani umefungwa.

Jumatano, 16 Aprili

Umefungwa. Dukani mtu amesema kwa sauti ya kunifikia kwamba kuna watu wana shibe mpaka wanafunga kliniki za wenzao. Kinyozi alikuwepo, akamjibu kwamba shavu lake linamshukuru mkaguzi. Nimerudi bila sukari niliyotumwa, ambayo hata hivyo hatutakiwi kuila.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimepita kwa Bi Pasi. Alifungua, akaniona, akasema daktari hayupo, akafunga. Nilitaka kusema sikumfuata daktari.

Jumatatu, 21 Aprili

Daktari amekuja nyumbani! Alikaa ukingoni mwa kiti na kofia mkononi. Amempigia simu daktari wa hospitali, wamekubaliana dawa ya kumshikilia mama wakati tunangoja. Fundi amebadilisha kifaa cha kukaushia na kuweka stebilaiza ili umeme usichezecheze. Pakiti zinatoka kavu, hazifunguliwi mpaka mgonjwa awe kitini.

Nilimuuliza atajuaje. Uso wake ulikunjuka kidogo, nadhani hilo ndilo swali analolipenda. Akasema anaweka ndani ya mashine kichupa chenye vijidudu sugu, wale wasiokufa ovyo, kisha kinapelekwa maabara ya hospitali. Wakifa hao, wengine wote wameshakufa. Tulizungumza juu ya vijidudu mpaka chai ikapoa. Mtu huyu si mkimya hata kidogo. Alikuwa hajaulizwa tu.

Alipoondoka nikamwuliza mama kama bado anataka kwenda pale au tusubiri hospitali.

"Pale pale," alisema. "Nimezeeka, nimeona mafundi wengi. Wasiokosea sijawaona. Anayesema mbele ya watu 'nimekosea', huyu ndiye wa kwanza."

Alhamisi, 24 Aprili

Majibu ya kichupa yametoka: wote wamekufa. Mlango umefunguliwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua nyepesi. Bi Pasi alimpokea mama kwa shikamoo ya heshima na kumshika mkono mpaka kitini. Mimi alinipita.

Daktari aligeuka. Bi Pasi akanyanyua pakiti mbele yetu sote, akaipasua, na vifaa vikatoka vikavu. Mkono wake mmoja ulianza kwenda kabatini, kwa mazoea. Ukasimama katikati. Kisha ukaendelea, ukachukua kitambaa cheupe kimoja, akakitandaza kifuani kwa mama na kunyoosha kona zake. Hiyo ndiyo kazi mpya ya vitambaa.

Halafu akaniangalia. "Kaa nje kama watu wengine. Umeshakagua."

Nilitaka kuiona ile sinia mara moja tena. Mama alinyoosha kidole akanielekeza mlango. Nikatoka, nikaufunga, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama barabara. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za msimu huu.

Mama alitoka ameuma pamba, hawezi kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tulipofika nyumbani ndipo nikaona kitambaa bado kiko kifuani kwake, chini ya kanga.

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya kwanza. Hana homa. Nimekifua kitambaa na kukianika juu ya jiko.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya pili. Sijala vizuri, yeye amekula.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya tatu. Kabla jua halijachomoza vizuri nilikuwa kitandani kwake na tochi. Mashavu mawili, sawasawa. Alifungua mdomo bila ubishi. Kidonda ni safi, kimeanza kufunga.

"Kuna nini humo?" aliuliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi zima tochi, nina njaa."

Nililia kidogo jikoni, kisha nikachukua kitambaa nikakipiga pasi. Nikakipiga tena. Nilikikunja kona kwa kona, nikakiweka ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu, nikaenda mpaka nyumba ya nyuma ya kliniki na kubisha.

Bi Pasi alifungua. Nikampa kitambaa. Alikitoa mfukoni, akakikunjua pale pale mlangoni, akakinusa. Akakibandika shavuni, akafumba macho, na mimi nimesimama kwenye manyunyu nikingoja majibu.

"Pindo bado lina unyevu," alisema. "Ingia ndani. Pasi iko moto."